Karatasi Haipanuki kwa Kuambiwa

Mtaani kwetu binti yangu anaitwa Rula, na jina hilo hakupewa kwa sifa. Alipoanza shule alikuwa haandiki neno mpaka kwanza apige mstari wa pembeni, na mstari ukipinda hata kidogo, karatasi inachanwa. Wenzake wanamaliza zoezi, yeye bado yuko kwenye mistari. Mwalimu akaniita akaniambia mtoto wako ana akili lakini ni mkaidi. Nikajibu kwa aibu kwamba ukaidi kautoa kwa bibi yake mzaa baba. Bibi alipoyasikia akasema afadhali, maana angetoa kwa mama yake angekuwa anaogopa hata kivuli cha kalamu.

Sikukasirika, kwa sababu ni kweli. Mimi ni dobi wa hospitali tangu Rula ananyonya. Nimeona watu wanaingia wanatembea na wanatoka wamefunikwa shuka nililolikunja kwa mikono yangu. Mtu wangu akichelewa kurudi, moyo wangu unatangulia barabarani kumtafuta. Baba yake ni dereva wa malori ya masafa, nyumbani ni mgeni wa heshima, kwa hiyo hofu ya nyumba nzima niliibeba peke yangu, na bibi akabeba ulimi.

Watu hupenda kusema Rula alijifunza kazi yake kwa kuniangalia ninavyokunja mashuka. Si kweli. Alikuwa mvivu wa kukunja kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumwona. Nikimpa rundo alikunje, analigeuza godoro, analala juu yake anasoma maandishi ya kwenye maboksi ya sabuni. Alichokuwa anauliza ni kwa nini neno limekatwa katikati, kwa nini maandishi ya boksi hili yamebanana na ya lile yana nafasi. Mimi nilimjibu kwamba sabuni ni ileile.

Sasa kazi yake naieleza kama alivyonieleza, na nikikosea kosa ni langu. Ametengeneza kitu ambacho waandishi wa programu wanakiita maktaba. Hakina kitabu hata kimoja. Ni mkusanyiko wa vipande vya programu ambavyo mwandishi mwingine anavichukua na kuvitia katika kazi yake asihangaike kuviandika upya, kama fundi cherehani anavyonunua zipu badala ya kuitengeneza mwenyewe. Maktaba ya Rula inafanya jambo moja tu: kupanga maneno. Unaipa maneno, unaiambia karatasi ina upana gani, nayo inaamua. Sentensi hii ikae mstari mmoja, hii ivunjwe hapa, hii isogezwe ndani kidogo ili msomaji aone kwamba iko chini ya ile ya juu yake. Aliianza akiwa chuoni, akaiweka wazi mtandaoni, anayeitaka aichukue bure. Watu wa nchi ambazo mimi nazisikia redioni tu wanamwandikia kumshukuru, na wengine kumgombeza.

Ameiandika kwa lugha ya kompyuta ambayo wenyewe si wengi, na wanaipenda kama watu wa dhehebu dogo wanavyolipenda dhehebu lao. Katika lugha hiyo kitu kikishatengenezwa hakibadilishwi. Ukitaka kingine unatengeneza kingine, na cha kwanza kinabaki kilivyokuwa. Halafu kila kipande cha programu kinatangaza mlangoni kinapokea nini na kinatoa nini. Kama kinaweza kushindwa, kinasema palepale mlangoni: naweza kushindwa. Hakina ruhusa ya kushindwa kimyakimya. Bibi alipoelezwa hayo akasema lugha hiyo wangefundishwa wanaume kabla ya kuoa.

Rula aliajiriwa na kampuni iliyopanga ghorofa ya pili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ngazi zake zinanuka rangi na saruji. Pale wanatengeneza programu za maduka ya dawa na hospitali. Mojawapo inachapa zile lebo ndogo zinazobandikwa kwenye pakiti: jina la mgonjwa, jina la dawa, meza vipi, usichanganye na nini. Ndani ya programu hiyo ndiyo imo maktaba ya binti yangu. Na hospitali ya kwanza kuijaribu, kwenye dirisha moja tu la dawa, ilikuwa hii ninayofulia mimi. Wakiridhika, wataiweka kwenye madirisha yote na zahanati zote zilizo chini yao. Kampuni nzima ilikuwa inasubiri siku hiyo kama watu wanavyosubiri mvua.

Ugomvi ulianzia kwenye maagizo marefu. Dawa nyingine ina maonyo mengi, na lebo ni ndogo kama kiberiti. Maktaba ya Rula inajaribu kuvunja mistari kila inavyowezekana, na ikishindwa kabisa haikati neno hata moja. Inarudisha jibu: haitoshi. Hapo lebo haitoki, na mtu wa dirishani inabidi achukue lebo kubwa zaidi au agawe maagizo kwenye lebo mbili. Foleni inasimama, wagonjwa wananung'unika, simu zinapigwa ofisini.

Mkurugenzi wa kampuni ni mtu laini, anaongea polepole kama anayemlaza mtoto. Alimwita Rula akamwambia jambo ni dogo. Maneno yakizidi, yakatwe, maisha yaendelee. Rula akasema hayakatwi. Mkurugenzi akauliza kwani ni ya dhahabu. Rula akamjibu kwamba kwenye lebo ya dawa neno la mwisho ndilo mara nyingi linalosema usife.

Hayo alinisimulia jioni, anakula huku anacheka, na mimi nikasogeza sahani yangu pembeni. Nyumba yetu wakati ule ilikuwa inamtegemea yeye. Baba yake lori lilikuwa limeharibika mpakani, mimi mgongo ulikuwa umeanza kukataa mabeseni. Nikamwambia, "Mwanangu, mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Huu si mkono, mama. Huu ni mkasi."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Katika ofisi ile kulikuwa na kijana mwenzake Rula ambaye wote walimwita Njia Mkato, na mwenyewe alilipenda jina. Mcheshi, mwepesi, akija nyumbani anamsalimia bibi kwa kupiga goti moja na kumposa kwa utani. Kazi ambayo wengine wanaimaliza kwa siku nzima yeye anaimaliza kabla chai haijapoa, na hakuna anayejua kwa njia gani. Yeye ndiye aliyemwambia mkurugenzi asijisumbue, suala la lebo amwachie. Na kweli, baada ya muda simu zikanyamaza. Foleni ikatembea. Rula akaniambia kwa furaha kwamba watu wa dirishani hatimaye wamezoea kutumia lebo kubwa. Nikamshukuru Mungu, nikarudi kwenye mashuka yangu.

Bibi ana dawa ya moyo. Mimi ndiye ninayemchukulia, kwa sababu dirisha la dawa liko njiani kutoka chumba cha kufulia. Mfamasia wa pale ni mwanamama mnene mwenye miwani ya kamba, tunafahamiana, ananiita dada na mimi namwita dada. Siku hiyo nimesimama namsubiri, macho yangu hayana kazi, nikamwona anachapa lebo, anaibandika, kisha anachukua kalamu anaandika kitu pembeni. Akachapa nyingine ya mgonjwa mwingine, akaandika tena. Nikamuuliza anaandika nini.

"Mkia," akasema bila kuinua kichwa. "Mashine inakula mkia wa sentensi, mimi naurudishia."

"Siku zote?"

"Zile ndefu tu. Nimeshazoea, dada. Nazijua kwa kichwa."

Akanipa pakiti ya bibi. Nilisoma pale pale, polepole kama ninavyosoma mimi. Ilikuwa imechapwa vizuri, herufi safi zilizonyooka: meza kimoja asubuhi, usimeze pamoja na dawa ya. Mashine ikaishia hapo, ukingoni kabisa. Halafu kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa haraka: maumivu.

Nilijua ninachokiona. Sikukijua kwa undani wake, ila mama anajua moto ulipo kabla ya kuona moshi. Na nilijua pia kwamba pakiti hii ikifika mikononi mwa Rula, amani ya nyumba imekwisha. Nikaipeleka nyumbani nikaiweka kabatini nyuma ya kopo la chumvi, nikajiambia nitamwambia mwisho wa wiki.

Bibi hakunipa wiki. Asubuhi yake, Rula anavaa viatu aende kazini, bibi akaanza kudai dawa yake. Nikasema nitampa. Akasema anaitaka sasa, akanyanyuka mwenyewe, akahamisha kopo la chumvi kama aliyeonyeshwa ndotoni. Akaigeuza pakiti kwenye mwanga wa dirisha.

"Mke mwenzangu," akamwita mjukuu wake, "hii mashine yako imeishiwa wino? Mbona mwisho wameazima kalamu?"

Rula akaja na kiatu kimoja mguuni. Akaisoma lebo, akaigeuza, akapitisha kidole ukingoni. Kisha akaniangalia mimi, si bibi. Nikamwambia yote aliyosema mfamasia. Hakuuliza kwa nini pakiti ilikaa nyuma ya chumvi. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba maktaba yake haiwezi kufanya hivi. Haijui kukata. Hakuifundisha. Akaondoka, kiatu cha pili kakivalia mlangoni.

Alichokikuta ofisini alikieleza jioni hiyo, na bibi akataka aelezwe mara mbili. Njia Mkato hakuigusa maktaba. Kuibadilisha kungekuwa kazi, maana lugha ile ingemlazimisha atangaze mlangoni kwamba sasa inakata, na kila sehemu ya programu inayoitumia ingelalamika. Yeye aliacha yote yalivyo, akaenda mahali pale panapoandikwa upana wa karatasi, akaandika namba kubwa. Akaiambia maktaba kwamba lebo ni pana kama ukuta wa ofisi. Maktaba ikaamini. Ikapanga maneno yote kwa raha, mistari mirefu, haikuona sababu ya kusema haitoshi. Printa nayo ikachapa mpaka karatasi ilipoisha, na maneno mengine yakachapwa hewani.

"Lakini karatasi ikawa ileile," akasema bibi.

"Ileile, bibi. Karatasi haipanuki kwa kuambiwa."

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni," bibi akasema, na tangu siku hiyo Njia Mkato akawa hana mchumba kwetu.

Rula alipomfuata, kijana yule alishangaa kweli. Alisema hakudanganya mtu, alidanganya programu tu. Rula hakupoteza muda kubishana naye. Akarudisha upana wa kweli mbele ya macho ya wote, mchana kweupe, akaandika na jina lake kwamba ni yeye kafanya. Kabla ya chakula cha mchana simu zikaanza: lebo hazitoki, mashine inasema haitoshi. Mkurugenzi akatoka chumbani kwake, akasimama nyuma ya kiti cha Rula, na kwa ile sauti yake ya kulaza watoto akamwambia arudishe.

Rula akamwambia, "Sirudishi."

Mkurugenzi akamwambia basi akapumzike nyumbani mpaka atakapokuwa tayari. Wala hakumfukuza, kwa sababu alikuwa bado anamhitaji. Kamati ya hospitali ilikuwa inakaribia kukutana, na wakubwa wa dawa walishasikia kwamba mpangaji wa maneno yale ni binti mmoja anayejulikana hadi nje ya nchi kwa kutokata neno. Walitaka wamwone, wamuulize wenyewe, lebo hizi zinaaminika? Akisema zinaaminika, madirisha yote yanafunguka. Akikataa kuja, watauliza kwa nini. Neno lake lilikuwa ufunguo, na mkurugenzi alitaka ufunguo urudi mfukoni kwake bila mkwaruzo.

Siku zile nilimsumbua mtoto wangu, sisemi uongo. Nilimwambia kazi haziokotwi. Nilimwambia akubali kwanza, wakishaingia hospitali nzima atarekebisha taratibu kutoka ndani. Nilimwambia mfamasia ana kalamu. Yeye alikuwa mezani na kompyuta yake, anajibu ujumbe wa watu wa maktaba yake, ananiitikia ndiyo mama, hapana mama, na ukaidi wake haukusogea hata upana wa uzi. Mara moja tu aligeuka.

"Kalamu ya yule dada, mama, akiugua nani ataishika?"

Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jibu lilikuja lenyewe. Dawa ya bibi ikaisha, nikapita dirishani. Yule dada hayupo, yuko likizo kwao, na badala yake kakaa binti mgeni mwenye kucha zilizopakwa rangi, mwenye haraka na tabasamu. Ofisini nako Njia Mkato alikuwa amesharudisha namba yake kubwa. Binti akachapa, akabandika, akanipa, akaita mwingine. Nikaisoma. Meza kimoja asubuhi. Usimeze pamoja na dawa ya. Basi. Hakuna kalamu.

Nikamuuliza binti: ya nini? Akasoma, akaguna, akasema mama nadhani ni ya kifua. Nyuma yangu watu wakaanza kunisukuma kwa vikohozi. Nilitoka pale nikaanza kufikiri juu ya wale walionisukuma. Bibi ana mimi, na ana mke mwenzie mkaidi. Wao wana lebo tu. Wengi wanaumwa goti, wanaumwa kichwa, na dawa ya maumivu ipo katika kila nyumba. Nikajikuta nina hasira. Mimi hasira siijui sana. Hofu ndiyo tumeishi nayo miaka yote, na siku ile nilizichanganya, nikadhani nimeshikwa na homa.

Jumamosi hiyo mkurugenzi akaja nyumbani. Rula alikuwa ametoka, na nadhani mkurugenzi alijua hivyo. Alikuja na katoni ya soda, akavua viatu mlangoni, akamwamkia bibi kwa adabu zote. Nikamkaribisha kwenye kiti cha baba Rula. Akaulizia mgongo wangu, akaulizia lori. Kisha akasema amekuja kwangu kama mzazi kwa mzazi, maana mtoto akishupaa anayemlainisha ni mama. Akasema hataki kumpoteza binti, anataka kumpa ukubwa wa idara nzima, kinachohitajika ni aje mbele ya kamati aseme maneno mawili. Akanikumbusha kwa upole kwamba hata mimi ni mtu wa hospitali ileile, na si vizuri familia moja ionekane inavutana na wakubwa wake.

Hapo ndipo aliponiamsha. Ningeweza kumvumilia anibembeleze, lakini si anitishe.

Nikasema nisamehe kidogo. Nikaenda kabatini, nikachukua pakiti, nikamwekea mkononi.

"Baba, mimi macho yangu ni ya kufulia," nikamwambia. "Nisomee hiyo."

Akacheka kidogo, akavaa miwani. Akasoma kwa sauti jina la bibi, jina la dawa. Akasoma, meza kimoja asubuhi. Akasoma, usimeze pamoja na dawa ya. Akaigeuza pakiti, akaangalia nyuma, akarudi mbele.

"Endelea, mwanangu," bibi akasema kutoka kwenye mkeka wake. "Ya nini? Nakusubiri wewe, nimeze au nisimeze."

Akasema hilo ni jambo la dirishani, watu wa dirishani wanajua. Nikamwambia wa dirishani nilimuuliza, akasema ya kifua. Akauliza kama si ya kifua. Nikamwambia yule binti angejuaje, kama mwenye mashine mwenyewe hajui.

Alikaa na ile pakiti mkononi, na kwa mara ya kwanza sikumwonea haya mtu aliyekalia kiti chetu. Akasema mama, mambo ya programu ni magumu kuyaelewa. Nikamwambia ni kweli, na mimi siyajui, ila nimefua mashuka ya watu waliokufa na ya watu waliopona, na yote yanakuja kwangu kwenye beseni moja, kwa hiyo asije nyumbani kwangu akanieleza kwamba mkia wa sentensi ni kitu kidogo. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Kuhusu kazi yangu, nikamwambia hospitali ikitaka kunifukuza mlango wa kufulia anaujua, uko nyuma, hauna komeo.

"Kwa hiyo hutamwambia," akasema.

"Nitamwambia. Nitamwambia aje kwenye kamati yako."

Akadhani nimelainika. Akashukuru, akavaa viatu. Soda akaziacha, na bibi akakataa zisifunguliwe. Akasema asije akanywa pamoja na dawa ya.

Siku ya kamati niliomba ruhusa ya kazini nikamsindikiza Rula mpaka jengo la utawala, nikakaa kwenye benchi la nje. Mlango ulikuwa wa kioo, sauti haipiti, ila watu wanaonekana. Niliwaona wakubwa wa dawa wameketi, mkurugenzi kavaa suti, Njia Mkato kashika waya za kompyuta. Nilimwona binti yangu anasimama. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, na mimi nikakumbuka ile mistari ya pembeni na karatasi zilizochanwa, na mara hii sikuona aibu.

Aliyoyasema aliniambia baadaye, tukiwa njiani. Mkubwa mmoja alimuuliza kama ni kweli maktaba yake haikati maneno. Akasema ni kweli. Mkurugenzi akatabasamu. Mkubwa akauliza, kwa hiyo lebo za dirishani hazikatwi? Akasema zinakatwa kila siku. Maktaba imeambiwa karatasi ni pana kuliko ilivyo, na mtu akidanganywa upana wa mlango atagonga ukuta huku anaamini anapita. Akaomba lebo tupu na rula, akaipima mbele yao, akawaonyesha namba ya kweli na namba iliyoandikwa. Akawaambia lebo hizi ni ndogo mno kwa dawa ndefu, wanunue kubwa, na mashine ikisema haitoshi waiheshimu, kwa sababu ndiyo pekee mle ndani iliyokuwa inasema kweli. Kisha akasema jina lake lisitajwe tena kwenye kazi yoyote ambayo upana wake umetungwa.

Nilichokiona mimi kupitia kioo ni mdomo wa mkurugenzi kubaki wazi, na Njia Mkato kuinama kutafuta kitu chini ya meza ambacho hakikudondoka.

Alitoka amebeba mfuko wake. Nikamuuliza imekuwaje. Akasema kazi hana. Nilisubiri hofu yangu ije, maana huwa haichelewi. Nikabeba mfuko upande mmoja, yeye upande mwingine, tukapita katikati ya uwanja wa hospitali, mbele ya kila mtu.

Hospitali hawakuiondoa mashine. Walinunua lebo kubwa, wakabandika tangazo dirishani kwamba lebo ikichelewa mgonjwa avumilie. Yule dada wa miwani ya kamba alirudi kutoka likizo akakuta kalamu yake haina kazi, akaniambia amestaafishwa mkono. Bibi analalamika kwamba pakiti yake siku hizi ina maneno mengi kama hotuba ya harusi. Rula yuko nyumbani, anafundisha watoto wa jirani hesabu na anaandika programu ndogo za watu binafsi, na ametoa toleo jipya la maktaba yake. Katika toleo hilo, anayetaja upana wa karatasi lazima aweke na jina lake, na jina hilo linachapwa chini ya kila karatasi itakayotoka. Watu wa dhehebu lao wamegawanyika. Wengine wanasema huo ni ushamba, wengine wanasema ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo. Yeye anawajibu wote kwa heshima na hasogei.

Juzi simu yake ililia yuko nje anaanika. Nikaipokea. Alikuwa mkurugenzi, sauti ileile laini. Akasema wamefikiri, wanamtaka arudi, ukubwa wa idara aliomwahidi bado upo, ila wateja wengine wa madukani wangependa iwepo njia ya kukata kidogo, si lazima, kwa anayetaka tu. Akaomba nimpe ujumbe.

"Amesema hapana," nikamwambia.

"Umemuuliza?"

Nilimwona Rula dirishani, anavuta shuka kwenye kamba, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Kuanika nako hajui mpaka leo.

"Sijamuuliza," nikasema, nikakata simu.